Nani Anayesimulia? Uhakiki wa Tamthilia ya Photograph 51

Utangulizi

Kwa wahitimu wa vyuo vikuu vya Uingereza na Marekani, kwenda pamoja katika jumba la michezo ya kuigiza ni desturi inayojulikana. Watu waliosoma pamoja hukutana jioni, hutazama mchezo, kisha huuzungumza, na kwa kuuzungumza hujizungumza wao wenyewe na chuo kilichowalea. Miongoni mwa michezo inayowafaa watazamaji wa namna hii ni Photograph 51 ya mtunzi wa Kimarekani, Anna Ziegler. Tamthilia hii ilichezwa kwa mara ya kwanza katika jimbo la Maryland mwaka 2008. Ilipata sifa kubwa zaidi mwaka 2015 ilipoonyeshwa London katika Noël Coward Theatre chini ya uongozi wa Michael Grandage, Nicole Kidman akiigiza mhusika mkuu. Inawafaa wahitimu kwa kuwa mandhari yake ni chuo kikuu, wahusika wake ni wasomi, na mgogoro wake unatokana na swali ambalo kila msomi amewahi kujiuliza kimoyomoyo: kazi hii ni ya nani?

Makala haya yanakusudia kuihakiki tamthilia hiyo kwa kuzingatia usimulizi wake, namna ilivyomjenga mhusika mkuu, lugha ya kuitana, na mwisho wake. Hoja itakayotetewa ni kwamba mtunzi amefaulu sana pale alipoliacha umbo la mchezo litoe hukumu lenyewe, na ameteleza pale alipotafuta kumfanya mhusika wake apendeke zaidi kwa watazamaji. Aidha, itaonyeshwa kwamba mchezo huu una funzo kwa waandishi wa tamthilia za Kiswahili, ingawa funzo lenyewe si lile linaloonekana kwanza.

Historia kwa ufupi

Rosalind Franklin alizaliwa London tarehe 25 Julai 1920. Alisoma katika Newnham College, Cambridge, na mwaka 1945 akapata shahada ya uzamifu kwa utafiti juu ya makaa ya mawe. Kati ya 1947 na 1950 alifanya kazi Paris, ambako alibobea katika ufundi wa kutumia miale ya eksirei kuchunguza namna maada ilivyopangika ndani yake. Januari 1951 aliingia King's College, London, kuichunguza DNA, ile asidi inayobeba urithi wa viumbe. Mkuu wa maabara, John Randall, alikuwa amemwandikia barua mwezi wa Desemba 1950 iliyomfanya aelewe kuwa kazi hiyo itakuwa mikononi mwake yeye pamoja na mwanafunzi wa uzamifu, Raymond Gosling. Maurice Wilkins, ambaye alikuwa amekwisha kuianza kazi hiyo hiyo, hakuwa na habari za maneno hayo. Yeye alidhani ameletewa msaidizi. Hivyo mafahali wawili walitiwa katika zizi moja, na aliyewatia hakumwambia hata mmoja ukweli wote.

Mei 1952 Gosling, akisimamiwa na Franklin, alipiga picha ambayo imekuja kujulikana kwa namba yake, 51. Katikati yake mna madoa meusi yaliyojipanga kama msalaba, nayo ni dalili ya umbo la msokoto. Mwishoni mwa Januari 1953 Wilkins alimwonyesha James Watson wa Cambridge picha hiyo bila Franklin kujua. Tarehe 25 Aprili mwaka huo jarida la Nature lilichapisha makala matatu kwa pamoja: ya Watson na Francis Crick, ya Wilkins na wenzake, na ya Franklin na Gosling. Ya mwisho ilisomwa kama ushahidi wa kuunga mkono ugunduzi wa wengine. Wakati huo Franklin alikuwa amehamia Birkbeck College, alikochunguza virusi vinavyoshambulia tumbaku. Alifariki kwa saratani tarehe 16 Aprili 1958, akiwa na umri wa miaka 37. Mwaka 1962 Watson, Crick na Wilkins walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Yeye alikuwa amekaa kaburini miaka minne.

Wasimulizi na masimulizi

Tamthilia ina wahusika sita: mwanamke mmoja na wanaume watano, yaani Wilkins, Gosling, Watson, Crick, na mwanasayansi wa Kimarekani, Don Caspar. Inakwenda mfululizo, pasipo kukatwa katika vitendo. Wanaume hawa hawaigizi tu, bali husimulia pia. Huigeukia hadhira, wakaeleza yaliyopita, wakasahihishana, wakabishana juu ya nani alisema nini na kwa sababu gani. Rosalind huwakatiza mara kwa mara, lakini masimulizi si yake. Yeye ndiye anayesimuliwa.

Mhakiki mwenye haraka aweza kudai kwamba kwa kufanya hivyo mtunzi ameirudia dhuluma ile ile anayoilalamikia: mwanamke amenyang'anywa kazi yake alipokuwa hai, na sasa ananyang'anywa hadithi yake. Dai hili lina uzito, na litarejelewa hapa chini. Hata hivyo, linapuuza jambo moja muhimu, nalo ni kwamba wasimulizi hawa hawakubaliani. Waswahili husema mwamba ngoma huvutia kwake. Watson huvutia kwake, Wilkins huvutia kwake, na Gosling, aliye mdogo kwa cheo, hupita katikati yao akijaribu kutomuudhi mtu. Mtazamaji anayewasikiliza hulazimika kupima ushahidi wao kama hakimu barazani. Kadiri wanavyozidi kujieleza ndivyo wanavyozidi kujifunua. Kwa njia hii mtunzi hakuhitaji kuweka hotuba ya lawama kinywani mwa mtu yeyote, kwa kuwa umbo lenyewe limekuwa shtaka.

Isitoshe, usimulizi huu unalingana na historia. Kwa miaka mingi umma ulimjua Franklin kupitia kitabu cha Watson, The Double Helix, kilichotoka mwaka 1968, miaka kumi baada ya kifo chake, ambamo alichorwa kama mwanamke mkali, asiyejali mavazi yake, anayekalia data asizozielewa. Watson aliongeza maneno ya kumsifu mwishoni mwa kitabu, lakini picha iliyobaki katika akili za wasomaji ni ile ya mwanzo. Vitabu vya kumtetea, kama kile cha Anne Sayre cha 1975 na wasifu wa Brenda Maddox wa 2002, vilikuja baadaye. Kwa hiyo Ziegler hakuwabuni wanaume wanaomsimulia Franklin. Aliwakuta wakisimulia.

Udhaifu wa mbinu hii ni kwamba ina gharama, na gharama hiyo analipa mhusika mkuu. Wilkins anapata nafasi ndefu ya kujuta mbele ya hadhira, na majuto humfanya mtu apendwe. Mwisho wa mchezo mtazamaji anaijua nafsi ya Wilkins kuliko anavyoijua ya Rosalind. Huu ni ushindi wa ajabu kwa mtu aliyeionyesha picha isiyokuwa yake.

Uangalifu kama kosa la shujaa

Tangu zama za Wayunani, tanzia imemtaka shujaa wake awe na kasoro inayomwangusha. Kasoro ya Rosalind katika mchezo huu ni uangalifu. Hataki kujenga kielelezo kabla ya kupata vipimo. Hataki kusema jambo asiloweza kulithibitisha. Watson na Crick, kwa upande wao, wanakisia, wanajenga, wanabomoa, na wanajenga tena.

Hapa ndipo Ziegler anapoonyesha ustadi wake mkubwa. Jukwaa hupenda mtu anayetenda, na maabara humtaka mtu anayesubiri. Mtu anayesubiri ni mzigo kwa mtunzi wa tamthilia, na ndiyo sababu tamthilia nyingi za wanasayansi huishia kuwa hadithi za ndoa zao. Ziegler ameuchukua mzigo huo akaufanya kuwa mgogoro wenyewe. Sifa inayomfanya Rosalind awe mwanasayansi bora ndiyo inayomfanya ashindwe katika mashindano ambayo hakujua kwamba yanaendelea. Mtunzi pia ni mwadilifu wa kutosha kuonyesha kwamba haraka nayo ina aibu yake: Novemba 1951 Watson na Crick walijenga kielelezo cha nyuzi tatu ambacho Franklin alikikataa mara alipokiona, kwa sababu kilikuwa na makosa ya wazi.

Tatizo linaanza pale mtunzi anapouhamisha uangalifu huo kutoka maabarani na kuutia moyoni. Kwa kumtumia Don Caspar, mchezo unatuambia kwamba Rosalind aliogopa kupenda kama alivyoogopa kukisia, na kwamba alipokaribia kuufungua moyo wake, maradhi yalimwahi. Katika historia Caspar alifika London mwaka 1955 kufanya kazi naye Birkbeck juu ya virusi vya tumbaku, miaka miwili baada ya kadhia ya DNA kwisha. Mtunzi wa tamthilia ana haki ya kusogeza tarehe. Swali si kama tarehe zimesogezwa, bali zimesogezwa ili kusema nini. Hapa zimesogezwa ili uangalifu wa kitaaluma uonekane kuwa ugonjwa wa nafsi. Hakuna mahali ambapo mtazamaji anahimizwa kuuliza kama Crick angaliliona umbo la DNA mapema zaidi lau angalipenda zaidi. Swali hilo huulizwa juu ya mwanamke tu, na kwa kuliuliza, tamthilia inatumia mizani ile ile ya Watson, ingawa kwa sauti ya upole zaidi.

Kwa kumweka Caspar pale, mtunzi pia amepunguza nafasi ya miaka ya Birkbeck. Hiyo ilikuwa miaka mitano ya kazi yenye matunda, chini ya J. D. Bernal, pamoja na wenzake waliomheshimu. Mtu aliyeishi miaka hiyo hakuwa mtu aliyevunjwa. Lakini tanzia humtaka avunjwe, na kwa hiyo miaka hiyo inapita haraka kama kivuli.

Picha na ripoti

Jina la tamthilia lenyewe linahitaji kuchunguzwa. Kuuita mchezo Photograph 51 ni kusema kwamba siri yote ilikuwa katika karatasi moja, nayo ilionwa na mtu asiyestahili kuiona. Kwa jukwaa hili ni jambo la manufaa: picha yaweza kushikwa mkononi, kufichwa mezani, kutolewa na kuangaziwa taa. Ukweli hauigiziki kwa wepesi huo. Mbali na picha, kulikuwa na ripoti ya maabara ya King's, iliyotayarishwa Desemba 1952, ambayo Max Perutz alimpa Crick mwezi wa Februari 1953. Ndani yake mlikuwa na vipimo vya Franklin, na kutokana navyo Crick aling'amua kwamba minyororo ya DNA ni miwili, na kwamba inakwenda kinyume. Picha ilimtia Watson hamasa, lakini ripoti ndiyo iliyotoa vipimo. Aidha, madaftari ya Franklin, ambayo Aaron Klug aliyachambua mwaka 1968, yanaonyesha kwamba mwezi huo huo wa Februari yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kufikia wazo la minyororo miwili.

Mwaka 2023, Matthew Cobb na Nathaniel Comfort walichapisha katika Nature makala ambayo yanatilia nguvu maoni haya. Kwa rai yao, Franklin hakuwa mtu aliyeibiwa jambo asilolielewa, bali mshiriki sawa katika kundi la watu wanne waliolitatua fumbo. Rai hii inaibadili hukumu ya tamthilia. Hadithi ya picha iliyoibwa inamfanya Franklin aonewe huruma, nayo hadithi ya ripoti na madaftari inamfanya aheshimiwe. Mtu anayeonewa huruma tu bado yumo katika masimulizi ya wengine.

Lugha ya kuitana

Kwa mwanafunzi wa lugha, sehemu yenye manufaa makubwa ni namna wahusika wanavyoitana. Rosalind anataka aitwe kwa cheo chake cha usomi, si kwa neno linalotaja tu kwamba hajaolewa. Watson katika kitabu chake alimwita Rosy, jina ambalo hakuitwa usoni. Katika jina hilo moja la kumdogosha mna hadithi nzima: aliyeitwa hakuulizwa, na waliomwita walielewana.

Yafaa kujiuliza mambo haya yatakuwaje mchezo ukifasiriwa kwa Kiswahili. Kwanza, Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika viwakilishi na viambishi vyake. Katika Kiingereza, wanaume watano wanapomtaja Rosalind, kila kiwakilishi humtenga nao. Katika Kiswahili, "aliiona picha" yaweza kuwa Franklin, Gosling, Wilkins au Watson. Mfasiri atalazimika kutaja jina, na kila atakapolitaja atakuwa anatoa uamuzi juu ya jambo lile lile linalobishaniwa jukwaani: nani aliiona, na nani aliielewa. Utata huu waweza kuwa hasara, lakini mfasiri hodari aweza kuugeuza faida kwa kuuacha mahali ambapo mashahidi wenyewe wangependa ubaki.

Pili, mzigo wote wa kutenga utahamia katika majina ya heshima. "Bi Franklin" ni adabu tosha kwa masikio ya mtu wa pwani, hata kwa mke aliyeolewa, na kwa hiyo tusi lililomo katika asili litapotea. "Daktari Franklin" nako kuna shida yake, kwa kuwa watu wengi wakilisikia neno hilo humfikiria mganga wa hospitali. Huenda suluhisho ni kumfanya Wilkins amwite "dada", neno tamu ambalo katika ofisi zetu hutumika mara nyingi kumshusha mwanamke msomi huku likijifanya kumkaribisha. Hadhira ingecheka kwanza, kisha ingenyamaza.

Hermione na watazamaji

Katika tamthilia hii, The Winter's Tale ya Shakespeare inatajwa zaidi ya mara moja. Mwaka 1951 Peter Brook aliiongoza huko London, John Gielgud akiwa Leontes, mfalme ambaye kwa wivu usio na msingi anamshtaki mkewe Hermione hata anaarifiwa kuwa amekufa. Baada ya miaka kumi na sita anaonyeshwa sanamu yake, na sanamu inapata uhai. Rosalind alikwenda kuuona mchezo huo, naye Wilkins nusura aingie ukumbini siku hiyo. Katika mazungumzo yao wanamkumbuka Gielgud, lakini mwigizaji wa Hermione hawamkumbuki, ilhali alikuwa Diana Wynyard, msanii mwenye jina kubwa. Hakuna tukio lingine katika mchezo huu linalosema mengi kwa maneno machache hivyo.

Mwishoni hadithi hiyo inarudi. Wilkins anapenda kuamini kwamba Hermione amefufuka. Rosalind anaona kwamba uhai ule hutiwa katika sanamu na wale wanaohitaji kusamehewa. Ikiwa tafsiri hiyo ni sahihi, basi haiishii kwa Wilkins. Wahitimu walioketi ukumbini, ambao vyuo vyao viliwafungia wanawake milango na vyumba vya chakula, wanatazama mwigizaji akimrudishia uhai mwanamke aliyekufa, kisha wanapiga makofi na kwenda nyumbani wakiwa wametulia. King's College yenyewe ina jengo linaloitwa Franklin-Wilkins, na hivyo wawili walioshindwa kukaa katika chumba kimoja wameunganishwa na kistari baada ya kufa. Hiyo nayo ni aina ya sanamu. Ubora wa tamthilia ya Ziegler ni kwamba, pamoja na udhaifu wake wote, inamwonya mtazamaji asiridhike upesi na msamaha anaojipa mwenyewe.

Hitimisho: upande wa tamthilia ya Kiswahili

Tamthilia ya Kiswahili haijamsahau mwanamke. Penina Muhando katika Nguzo Mama (1982) alimpa Bi Msimulizi kazi ya kuongoza hadithi ya wanawake wanaojaribu kuisimamisha nguzo. Katika Natala (1997) Kithaka wa Mberia alimsawiri mjane anayekataa kurithiwa, na katika Kigogo (2015) Pauline Kea alimsimamisha Tunu dhidi ya mtawala dhalimu. Tukimlinganisha Bi Msimulizi na wanaume watano wa Ziegler tunaona kwamba swali la nani asimulie lilikwisha kuulizwa katika jukwaa letu miaka 26 kabla ya Photograph 51, na lilijibiwa kwa ujasiri zaidi.

Lakini mwanamke huyu wa Kiswahili hupambana uwanjani, nyumbani na katika siasa. Ni nadra kumkuta akipima, akihesabu au akichungulia hadubini. Mfano wa kutosha uko karibu. Wangari Maathai alipata shahada ya uzamifu kutoka Nairobi mwaka 1971, akiwa mwanamke wa kwanza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati kufikia daraja hiyo, na taaluma yake ilikuwa anatomia ya wanyama. Alifundisha, na katika wasifu wake, Unbowed (2006), anaeleza jinsi wahadhiri wanawake walivyopigania haki sawa na za wanaume katika masharti ya kazi. Dunia inamkumbuka kwa miti aliyoianza kuipanda na wenzake mwaka 1977 na kwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004. Ni haki ikumbukwe hivyo, lakini miti imeifunika hadubini.

Atakayeandika tamthilia hiyo aweza kujifunza kwa Ziegler namna ya kuugeuza usubirifu wa maabara kuwa mgogoro wa jukwaani. Asijifunze kwake kumtafutia mwanasayansi mpenzi ili watazamaji wamhurumie. Na kabla ya kuandika neno la kwanza, itambidi aamue ni nani atakayesimama mbele ya hadhira na kuanza kusimulia.